Kagua Mtaa Kabla ya Kukagua Nyumba

Dalali mzoefu anajua pa kuanzia. Atakupitisha sebuleni, kwenye marumaru zinazong'aa na dari ya jipsamu yenye taa za rangi, halafu masta, halafu jiko lenye makabati. Bafuni atafungua bomba, maji yatoke kwa kishindo, naye anyamaze ujionee. Asilolisema ni kwamba maji hayo yanashuka kutoka kwenye simtanki iliyo juu ya mnara nyuma ya nyumba, na simtanki ilijazwa jana jioni na boza. Hajakudanganya. Umeuliza nyumba, umeonyeshwa nyumba.

Makala haya ni kwa anayetafuta pa kukaa pembezoni mwa Dar es Salaam: Goba, Madale, Bunju, Kinyerezi, Kimara ya ndani, Chanika, Kigamboni. Awe anapanga au ananunua, ushauri wangu ni kwamba aupeleleze mtaa kwanza, na akiukataa mtaa asipoteze muda kuingia ndani ya nyumba. Marumaru mbovu zinabanduliwa. Bati linalovuja linabadilishwa. Hata ukuta uliopasuka una fundi wake. Mtaa uliokaa kwenye mkondo wa maji, au wenye baa inayokesha, au ambao daladala ya mwisho inaishia kilomita tatu kabla ya kufika, hauna fundi wa kuuita.

Jiji hili limekua kwa namna yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao zaidi ya milioni moja hawakujibana Kariakoo wala Magomeni, wengi wao walikwenda pembezoni. Na huko pembezoni nyumba ndiyo hutangulia. Mtu ananunua kipande cha shamba, anapandisha boma, anahamia madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa mabati, kisha anaanza kungoja: umeme kwanza, maji baadaye, barabara mwisho. Ndiyo maana mitaa miwili iliyotenganishwa na korongo tu inaweza kupishana miaka kumi kwa huduma. Hata maeneo yaliyopimwa hayakuepuka hilo. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni, Bunju na Mbweni. Ramani zilitoka nzuri, njia zimenyooka, lakini sehemu kadhaa watu waliendelea kununua maji ya madumu kwa muda mrefu wakiwa na hati mkononi. Kwa hiyo tangazo likisema "eneo limepimwa", limekuambia habari za mipaka. Huduma ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na zile "dakika tano kutoka lami". Dakika za dalali hupimwa kwa pikipiki, saa nane mchana, kiangazi. Za kwako zipime mwenyewe, na kwa heshima zote usizipime Jumapili. Nenda Jumatatu, uwe mlangoni pa hiyo nyumba saa kumi na moja na nusu alfajiri, halafu fanya safari ya kazini kama mkazi: tembea hadi kituoni, pigania daladala pamoja na wenzako, angalia unafika saa ngapi. Jioni rudi kwa njia hiyohiyo kutoka Posta au Kariakoo, saa kumi na mbili, watu wakiwa wamejaa vituoni. Alfajiri moja kama hiyo itakufunza kuliko ziara kumi za wikiendi.

Kisha piga hesabu ya nauli, maana kodi ya bei nafuu huliwa hukohuko. Tuseme bodaboda kutoka nyumbani hadi kituoni ni shilingi 1,500, na kurudi hivyohivyo. Hiyo ni 3,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 78,000, kabla hujapanda daladala hata moja, na kabla ya watoto. Nyumba iliyo karibu na kituo ikizidi kodi kwa 60,000 kwa mwezi, iliyo ghali ni ile ya ndani. Kumbuka pia kwamba bei ya bodaboda hupanda mvua ikinyesha na hupanda tena baada ya saa nne usiku, na siku za tope zito wengine hawaingii kabisa.

Majina ya maeneo nayo yana mitego. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, neno "Kimara" kwenye tangazo likapata thamani yake, na tangu hapo Kimara imeota miguu. Utaambiwa Kimara, ufikishwe mahali ambapo pikipiki imepanda vilima viwili na kushuka bonde moja. Usiulize "ni Kimara?" Uliza kituo gani, na kutoka kituoni ni njia gani. Kigamboni, kutoka katikati ya jiji, ina milango miwili, pantoni na daraja lililofunguliwa Aprili 2016. Darajani chombo chako kinalipia, pantonini unasubiri. Anayefanya kazi Posta na anayefanya kazi Chang'ombe hawapaswi kutafuta nyumba upande mmoja wa Kigamboni.

Mambo hubadilika, sikatai. Goba ilikuwa shamba. Ilipofunguliwa kwa lami upande wa Tangi Bovu, upande wa Mbezi na upande wa Madale, watu wakahamia na bei zikapanda. Stendi ya mabasi ya Magufuli ilipofunguliwa Mbezi Luis 2021, mitaa ya jirani ilipata biashara, na kelele zake. Lakini "lami inakuja" ni maneno ya dalali, na hupaswi kuyalipia. Lipia lami uliyoikanyaga.

Na lami ikija kweli, inaweza kuja na kupita sebuleni. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Kando ya Barabara ya Morogoro hifadhi ni pana zaidi ya hapo, na wakazi wa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya walioona nyumba zao zikibomolewa 2017 wanaijua habari hiyo kuliko mwandishi yeyote. Ukiona herufi X nyekundu kwenye ukuta wa jirani, simama uulize. Ukiona X iliyopakwa rangi juu yake ikafunikwa, uliza zaidi. Kuna na mikuza isiyokuwa na alama ukutani: chini ya nyaya za umeme mkubwa, na juu ya bomba la gesi linaloingia Kinyerezi kutoka Mtwara. Kiwanja kilichobaki kitupu katikati ya mtaa uliojaa nyumba, tena cha bei ya kutupa, mara nyingi kina sababu yake.

Sasa maji, ambayo ningependa uyachunguze zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Kuwa na mita ya DAWASA getini si kuwa na maji. Ili kujua hali halisi, usiiangalie nyumba unayoonyeshwa, angalia za jirani. Mtaa ambao kila nyumba ina simtanki mbili za lita elfu mbili-mbili juu ya mnara wa zege ni mtaa ambao maji hayaaminiki. Madumu ya njano yaliyopangwa nje ya geti asubuhi ni taarifa kamili. Mwenye mkokoteni anayepita na madumu ishirini, mwulize bei, halafu mwulize hupita mara ngapi. Kama anapita kila siku, jibu umelipata.

Mtu bora wa kumwuliza ni mama wa genge. Nunua nyanya za elfu moja kwanza, maana habari haipatikani mikono mitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikuwekee na hoho?"

"Weka. Nataka kuhamia nyumba ile ya geti la bluu. Maji huku yakoje?"

"Ya bomba au ya kisima?"

Hapo mazungumzo yameanza. Atakuambia bomba linatoka siku gani na saa ngapi, kwamba likitoka ni usiku wa manane na lazima mtu aamke kukinga, kwamba nyumba ya juu kilimani haipati mpaka wa chini wafunge. Atakuambia pia, bila kuulizwa, kwa nini mpangaji wa mwisho wa geti la bluu alihama kabla kodi haijaisha. Habari hiyo huipati kwa dalali wala kwa mwenye nyumba.

Visima navyo vina siri. Sehemu nyingi za Dar es Salaam, hasa zinazokaribia bahari, maji ya chini yana chumvi. Mwenye nyumba atasema "tuna kisima chetu, hulipii maji", na kweli hulipii, ila utanunua ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia nguo nyeupe. Kupima ni rahisi. Nenda na kipande cha sabuni, nawa mikono kwenye bomba la nje. Sabuni ikigoma kutoa povu, maji ni ya chumvi. Angalia na midomo ya bomba na kichwa cha bafu: ukoko mweupe na kutu ya kijani vinaonyesha maji yanavifanya nini vyuma, na ndivyo yatakavyoifanya hita na mashine yako ya kufulia.

Maji yakikosekana bombani ni tabu, lakini tabu hiyo ina tanki na boza. Maji yanayokuja mlangoni bila kuitwa hayana dawa. Dar es Salaam imekatwa na mito na makorongo: Msimbazi, Mbezi, Tegeta, Mpiji, Kizinga, Mzinga, na vijito visivyokuwa na jina isipokuwa kwa wakazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliokuwa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Msimbazi ndiyo inayosikika kwenye habari. Huku pembezoni kuna korongo ambalo miaka michache iliyopita mtoto aliliruka kwa mguu mmoja, na leo limekula nusu ya uwanja wa mtu, kwa sababu juu kila mmoja ameweka pavingi na mabati, maji hayana pa kuzama, na chini wachimba mchanga wanapakia malori usiku. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima kwa hatua zako. Ukipata hatua thelathini, usiulize bei.

Unapokagua kiangazi, nyumba itakuwa kavu na mwenye nyumba atakuwa na tabasamu. Tafuta mabaki ya masika. Mstari wa rangi ya tope kwenye ukuta wa nje, sawa na usawa wa goti. Kizingiti cha saruji kilichojengwa mlangoni, kirefu mpaka unalazimika kukiruka. Hakuna anayejenga kizuizi hicho kwa urembo. Viroba vya mchanga pembeni ya geti, au ukingo ulioshikiliwa kwa matairi ya magari. Soketi za umeme zilizowekwa juu kuliko kawaida. Rangi mpya iliyopakwa chini tu ya ukuta, juu imeachwa ya zamani. Kisha waulize watoto, si wazazi: "Mvua ikinyesha mnapita wapi kwenda shule?" Mtoto atakuonyesha njia, na atakuonyesha kwa furaha pale gari lilipozama.

Kama una subira, ahirisha uamuzi mpaka kati ya Machi na Mei, uende siku moja baada ya mvua kubwa ya usiku. Ukiweza kufika hadi mlangoni na viatu vyako vya kazini, mtaa umefaulu mtihani mgumu kuliko yote. Siku hiyohiyo utaiona na ardhi. Kichanga kinakunywa maji ndani ya saa moja. Mfinyanzi unavimba wakati wa mvua na kunywea kiangazi, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa maana huonyesha nyufa zinazopanda kama ngazi kutoka kwenye pembe za madirisha.

Jambo ambalo watu huona aibu kuliuliza ni choo. Uliza shimo liko wapi, lilinyonywa lini mara ya mwisho, na gari la maji taka linafikaje. Kama njia ya kuingilia ni kichochoro cha pikipiki, gari halifiki, na hapo ndipo kuna wanaongoja mvua kubwa wakatapisha vyoo mitaroni. Ukikaa chini yao, zawadi ni yako. Njia ambayo gari la maji taka halipiti, zimamoto halipiti pia, wala gari la wagonjwa. Mimi huona upana wa njia ni kipimo cha haraka kuliko vyote: kama magari mawili hayapishani popote kati ya lami na geti, fikiria tena.

Usiku urudi. Chagua Jumamosi, saa nne au saa tano, usimame dakika chache nje ya nyumba. Mchana baa ni kibanda cha makuti chenye viti vya plastiki. Usiku ni spika nne zinazotazama dirisha la chumba chako. Kuna na vigodoro vya mtaani, gereji inayogonga mabati mpaka usiku, mashine ya kusaga, kiwanda cha matofali kinachoanza alfajiri, na mikesha ya ibada yenye vipaza sauti. Sisemi vyote ni vibaya. Kuna wanaolala fofofo juu ya baa. Jua tu wewe ni wa aina gani kabla hujalipa miezi sita.

Ila na ukimya nao una kasoro zake. Wengi wetu tumeaminishwa kwamba mtaa mzuri ni wa kuta ndefu, nyaya za umeme juu ya ukuta, mbwa, na hakuna hata duka. Mimi sikubaliani. Mtaa ambao Mangi wa duka anafunga saa nne usiku, kuna kibanda cha chipsi chenye taa na wakala wa simu pembeni yake, ni mtaa ambao binti akishuka bodaboda kuna macho ya watu. Kuta ndefu hazimwoni mtu. Isitoshe, kwenye ushuani wa namna hiyo, kitunguu kikikuishia wakati mafuta yako jikoni, unawasha gari. Kaa jioni moja uone kilichopo umbali wa kutembea kwa ndala: genge, bucha, duka la dawa, fundi nguo, kinyozi. Usidharau fundi baiskeli wala mpiga pasi. Mtaa wenye hao wote una watu waliokaa, hawapiti tu.

Kuhusu usalama, usiulize "huku kuna wezi?" kwa sababu utajibiwa hapana. Uliza mara ya mwisho mtaani kiliibiwa nini. Nguo kambani na mota ya maji ni habari moja. Kuvunjiwa milango usiku ni habari nyingine. Uliza kama ulinzi shirikishi upo kweli au upo kwenye daftari la michango tu, na uombe kuona stakabadhi.

Kwa wenye watoto, elimumsingi ya serikali haina ada tangu 2016, lakini umbali haukufutwa. Tembea na mtoto hadi shuleni, si kwa gari, na uangalie kama anavuka barabara kuu. Uliza wanakaa wangapi darasa la kwanza. Wa shule za binafsi waulize basi linapita saa ngapi kwenye geti hilo, maana ukiwa wa kwanza kuchukuliwa, mtoto wa miaka mitano ataamka saa kumi alfajiri. Zahanati nayo usiridhike kuona bango lake. Uliza kama usiku kuna mtu, na kama wanazalisha.

Ukisharidhika na mtaa, ndipo uingie ndani ya nyumba na kwenye karatasi. Hapa nitawagawa wanunuzi na wapangaji, nianze na wanunuzi kwa kuwa hasara yao ni kubwa.

Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi zaidi, na kazi yake ni kumtambua mkazi wa eneo lisilopangwa. Karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mmeuziana, wala haithibitishi kwamba aliyekuuzia ni mmiliki. Kama kuna hati, nenda ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba; utajua jina la mmiliki na kama nyumba imewekwa rehani benki. Kama hakuna hati, kinga yako kubwa ni majirani wa mipaka. Waite wote, waonyeshe mipaka kwa miguu, wasaini.

Muulize muuzaji kama ana mwenza, na umwone huyo mwenza kwa macho. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mama aliyerudi kutoka kijijini akakuta nyumba imeuzwa ana haki ya kukufikisha mahakamani. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa hauzi kwa ukaka wake, hata kama familia nzima imekaa kwenye mkeka ikitikisa vichwa. Na ukiambiwa serikali ya mtaa inachukua asilimia kumi ya bei, uliza kwa upole asilimia hiyo iko kwenye sheria gani, na kama kuna chochote unalipa, upewe stakabadhi ya serikali. Hapo bei huwa inashuka yenyewe.

Wapangaji wana mitego midogo lakini mingi. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, na baadhi hudai fedha ya kuzungushwa hata nyumba isipopatikana. Kubalianeni kabla hamjapanda bodaboda, na nauli yake ni nani analipa. Usilipe kodi kwa mtu ambaye hujajua uhusiano wake na nyumba. Mchezo wa kupangisha nyumba moja kwa watu watatu kwa wiki moja upo, na dawa yake ni kumpitia mjumbe au mwenyekiti wa mtaa umwulize jina la mwenye nyumba kabla ya kukabidhi fedha. Dalali akikuambia kuna mteja mwingine analeta hela kesho asubuhi, mwambie amkaribishe. Nyumba yenye foleni ya kweli haina haja ya kutangazwa.

Kwenye mkataba, andikeni vitu vinavyogombanisha watu. Maji yanalipwaje, taka nani analipia, choo kikijaa gharama ni ya nani, mlinzi ni wa nani. LUKU ndiyo mama wa ugomvi wote. Ukikuta mita moja kwa nyumba tatu za uani, ujue kutakuwa na mwenye friji, mwenye pasi, na mwenye taa moja tu anayelalamika kila wiki, na wote watakuwa na hoja. Tafuta nyumba yenye mita yake, hata kama chumba ni kidogo. Kodi ya majengo nayo inakatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, ingawa anayenunua umeme ni wewe. Kwa mwaka inafika 18,000. Iandikeni kwamba itapunguzwa kwenye pango, ili usiianze mada hiyo kwa hasira mwezi wa tisa.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha za kila chumba, mita ya maji na ya umeme ikisomeka, kitasa kilichovunjika, kioo chenye ufa. Mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyohiyo, zibaki kwenye simu zenu wote wawili. Badilisha vitasa vya milango ya nje. Funguo za wapangaji waliotangulia hazijulikani ziko kwa nani.

Ukishahamia, wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujiandikishe, na ujitambulishe kwa mjumbe. Wengi hungoja mpaka wapate shida. Barua ya utambulisho utaihitaji NIDA, benki, shuleni, na siku ndugu yako atakapohitaji mdhamini polisi. Kuipata ukiwa mgeni asiyejulikana ni safari, kuipata ukiwa umeshakaa kwenye daftari ni suala la asubuhi moja. Waulize hapohapo namba ya nyumba na jina la barabara vilivyowekwa kwenye operesheni ya anwani za makazi ya 2022, maana vibao vingi vimeshang'oka. Uvinakili kwenye simu, halafu mpelekee jirani wa kulia na wa kushoto namba yako, na uombe zao.